Kabla Hujalipia Hita Mpya, Pima Maji Kwanza

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ikishika Nairobi, Limuru, Nyahururu na Eldoret, swali moja huzuka kwenye nyumba nyingi: hita ya kuoga imeharibika, sasa tununue gani? Na swali hilo mara nyingi huandamana na lalamiko lingine: "Hata ilipokuwa nzima, maji yalikuwa yanadondoka tu kama rasharasha."

Wengi wetu huyachukua mambo haya mawili kama tatizo moja. Tunaamini kwamba tukinunua hita kubwa zaidi, ya bei zaidi, maji yatakuwa moto na yatakuja kwa nguvu. Hapo ndipo pesa hupotea. Hita kazi yake ni kupasha maji. Isipokuwa zile chache zilizojengewa pampu ndani, hita haisukumi maji hata kidogo. Ukifunga hita mpya kwenye bomba lisilo na presha, utakuwa umenunua rasharasha mpya.

Ndiyo maana leo tunazungumzia jambo linalotangulia malipo. Ukijua maji yako yanavyokuja, utajua ununue nini, umlipe fundi kazi gani, na ni kipi cha kuachana nacho.

Kipimo cha jerikeni

Huhitaji mashine yoyote. Chukua jerikeni ya lita 20 na simu yako yenye saa. Fungua mfereji wa bafuni hadi mwisho, ujaze jerikeni, uhesabu dakika. Ikijaa kwa dakika 5, unapata lita 4 kwa dakika. Ikijaa kwa dakika 2 na nusu, unapata lita 8. Kama maji huja kwa mgao, pima siku ambayo tangi limejaa na siku ambayo limepungua.

Kisha pima kwenye shawa yenyewe, stima ya hita ikiwa imezimwa kwenye breka. Linganisha namba hizo mbili:

• Mfereji una nguvu lakini shawa ni dhaifu: shida iko kwenye shawa au bomba fupi linaloingia humo. Hii ndiyo habari njema, kwa sababu tiba yake ni rahisi.

• Mfereji na shawa vyote ni dhaifu, lakini jikoni maji yanakuja vizuri: shida iko kwenye bomba linalokwenda bafuni, au kuna vali iliyofungwa nusu.

• Nyumba nzima ni dhaifu: shida ni tangi, urefu wake, au bomba kuu linaloshuka kutoka kwenye tangi.

Andika namba zako mahali. Fundi akija, mwonyeshe. Fundi mzuri atafurahi, na yule wa kubahatisha utamjua hapo hapo.

Ukubwa wa tangi hauongezi presha

Kuna imani kwamba tangi kubwa husukuma maji zaidi. Si kweli. Kinachosukuma maji ni urefu kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi kwenye shawa. Kila mita 10 za urefu hukupa presha ya karibu bar 1. Tangi la lita 5,000 na la lita 500 yakiwa kwenye urefu uleule, yakiwa na maji ya usawa mmoja, yanasukuma sawasawa.

Hebu tuchukue mfano wa ploti ya ghorofa huko Rongai au Githurai, yenye tangi juu ya paa. Anayekaa orofa ya juu kabisa ana mita 2 tu kati ya maji ya tangi na shawa yake. Hiyo ni bar 0.2. Jirani wa chini yake orofa tatu anapata mita 10 na zaidi, yaani bar 1. Wote wawili wanalipa kodi ileile na wanatumia tangi lilelile, lakini mmoja anaoga vizuri na mwingine anasubiri. Akinunua hita ileile ya jirani, bado hatapata kuoga kwa jirani.

Anza na marekebisho ya bei ya chini

Kabla ya kufikiria pampu, pitia haya kwa mpangilio, kuanzia lisilo na gharama:

1. Angalia kama vali zote zimefunguliwa hadi mwisho, hasa ile iliyo karibu na tangi na ile ya bafuni. Baada ya fundi kurekebisha kitu, mara nyingi moja huachwa nusu.

2. Safisha kichwa cha shawa. Maji ya kisima huacha chokaa nyeupe inayoziba vitundu. Kitoe, ukiloweke kwenye siki usiku mmoja, ukisugue kwa mswaki mzee. Kama ni shawa ya umeme, zima breka kwanza.

3. Angalia chujio dogo pale maji yanapoingilia. Mchanga na vipande vya plastiki hujikusanya hapo.

4. Angalia mpira unaounganisha bomba na shawa. Ukiwa umejikunja, maji hayapiti.

5. Kama bomba la kutoka kwenye tangi ni jembamba na lina kona nyingi, kubadilisha sehemu ya kwanza kwa bomba pana kunaweza kusaidia nyumba nzima.

6. Kama nyumba ni yako na kuna nafasi salama, inua tangi. Kumbuka lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, kwa hivyo mnara usijengwe kwa kukisia.

Pampu ya kuongeza presha iwe ya mwisho. Na ifungwe baada ya tangi lako. Isivute maji moja kwa moja kutoka kwenye bomba la kampuni ya maji, kwa sababu inawanyima majirani na inaweza kuvuta uchafu kupitia nyufa za bomba.

Sasa tuje kwa hita

Baada ya kujua lita zako kwa dakika, kuchagua kunakuwa rahisi.

Shawa ya umeme ya papo hapo. Hii ndiyo imejaa kwenye nyumba za kupanga, kwa sababu bei yake ni nafuu na haihitaji nafasi. Lakini ina mpaka wake. Shawa ya wati 5,500 inaweza kupandisha maji ya nyuzi 20 hadi nyuzi 40 kwa kiasi cha karibu lita 4 tu kwa dakika. Ukipitisha lita 8, maji yatatoka vuguvugu, hata kama shawa ni mpya kutoka dukani. Kwa hivyo ukifunga pampu kali nyuma ya shawa hii, utapata maji mengi na baridi zaidi. Inafaa kwa nyumba inayopata lita 3 hadi 5. Soma kwenye boksi presha ya chini inayohitajika. Ikiwa imeandikwa kPa 10, hiyo ni mita 1 ya urefu.

Hita ya tangi. Hii huchemsha maji na kuyahifadhi. Ya lita 50 yenye wati 1,500 huchukua karibu saa moja na nusu kupandisha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60. Ukiyachanganya na maji baridi unapata karibu lita 100 za kuoga. Inafaa pale mfereji unapotoa lita 6 au zaidi. Kama maji yako ni dhaifu, hii nayo itatoa maji dhaifu.

Hita ya gesi. Hupasha maji mengi kwa haraka na haisumbuliwi na stima kupotea. Lakini nyingi haziwaki kama presha ya maji ni ndogo. Na moto wa gesi kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, inayoua. Usikubali ifungwe ndani ya bafu. Iwekwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, ifungwe na mtu anayeijua kazi hiyo.

Hita ya sola. Gharama ya kuanza ni kubwa, lakini jua halina tokeni. Inamfaa mwenye nyumba kuliko mpangaji. Uliza mambo mawili: presha yake inatoka wapi, na asubuhi za mawingu za Julai zitasaidiwa na nini?

Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Mombasa, Kitengela na Syokimau, mwambie muuzaji kabla hajakuonyesha bei. Zipo shawa za umeme zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa. Ile ya kawaida, koili yake ikiwa wazi, huliwa haraka. Isitoshe, maji ya chumvi hupitisha umeme kirahisi zaidi, na hapo ndipo watu hupigwa na stima wakioga.

Uniti hazidanganyi

Muuzaji akikuambia hita yake ya koili "inakula nusu ya stima" kwa maji yaleyale, tabasamu na uendelee na safari. Kupasha lita 40 kutoka nyuzi 20 hadi 40 kunahitaji karibu uniti 0.93, iwe koili ni ya shawa ndogo au ya tangi kubwa. Tangi hata huongeza kidogo, kwa sababu joto hupotea maji yakikaa.

Shawa ya wati 5,500 ikitumika dakika 10 inakula uniti 0.92. Watu wanne kila siku ni karibu uniti 3.7, na mwezi mzima ni kama uniti 110. Ili kujua hizo ni shilingi ngapi kwako, fungua ujumbe wa mwisho wa tokeni, uchukue pesa ulizolipa, ugawanye kwa uniti ulizopata. Zidisha kwa 110. Namba hiyo ndiyo bei halisi ya hita, kuliko ile iliyobandikwa dukani. Kupunguza dakika tatu za kuoga kutakuokolea zaidi ya maneno ya boksi.

Waya usiupuuze

Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 23. Waya wa kawaida wa soketi haukuwekwa kwa kazi hiyo. Shawa inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye boksi la stima, breka yake, swichi iliyo mbali na mkono uliolowa, na waya wa ethi, yaani ule unaoenda ardhini. Kama fundi anasema ethi si lazima, huyo si fundi wako. Mafundi wa stima Kenya hupewa leseni na EPRA, kwa hivyo kuuliza leseni si kumkosea heshima. Mpangaji, ongea na mwenye nyumba au msimamizi wa ploti kwanza, mkubaliane kwa maandishi nani analipia waya na hita itabaki ya nani ukihama.

Lipa kwa hatua

Hii sehemu ndiyo kazi yetu, kwa hivyo tutaisema wazi.

Tenganisha vifaa na kazi. Nunua hita mwenyewe na ulipe dukani kwa nambari ya till ya duka, badala ya kumtumia fundi pesa zote akanunue. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si jina la duka, simama, uliza.

Kama vifaa ni vya kuletwa nyumbani na humjui muuzaji, lipa baada ya kufungua boksi. Picha nzuri mtandaoni si stakabadhi. Na "mteja mwingine anakuja kuichukua saa hii" ni maneno ya kukuharakisha.

Kazi ya fundi igawanywe mara tatu: kidogo cha kuanza, kingine bomba na waya vikimalizika, na cha mwisho baada ya kupima tena kwa jerikeni, maji yakiwa moto. Kwa nini kipimo tena? Kwa sababu "imeshika" si kipimo. Lita kwa dakika ni kipimo.

Ujumbe wa malipo usiufute. Upige picha pamoja na risiti na namba iliyo nyuma ya hita, ujitumie mwenyewe kwenye WhatsApp. Siku ya kudai waranti, hizo tatu zitasema zaidi yako. Na hata fundi awe rafiki namna gani, PIN yako haihusiani na hita.

Jerikeni unayo na saa iko kwenye simu. Jioni hii, kabla ya kuingia dukani au mtandaoni kutafuta bei, jaza lita 20 uhesabu dakika. Huenda ukakuta kwamba hita yako inahitaji tu koili mpya na shawa inahitaji siki. Na kama kweli ni ya kubadilisha, utaingia dukani ukiwa na namba yako mkononi, na muuzaji atakuuzia kile nyumba yako inahitaji.