Dola Ndogo Baina ya Ulinzi na Uvumbuzi: Sayyid Barghash katika Mizani ya Fiqhi

Swali lililozaa makala hii liliulizwa Igamba, wilayani Mbozi, katika darsa ya baada ya sala ya Alasiri. Kijana mmoja anayepeleka mahindi Tunduma alisema: "Maalim, nchi ndogo iliyozungukwa na wakubwa wanaogombana itangulize nini, silaha au mitambo mipya? Na ikiwa haina vyote viwili, yafaa kuazima kwa mwenye navyo?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia akautazame tena mpaka anaoufikia kila wiki. Mstari ule ulichorwa katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani, kuanzia mdomo wa mto Songwe katika Ziwa Nyasa hadi mto Kilambo unaoingia Ziwa Tanganyika. Hapana Mnyiha wala Mnyamwanga aliyeitwa kutoa rai. Na katika mkataba huohuo Ujerumani iliridhia Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Kwa hiyo atakaye kujua kwa nini mpaka uko Tunduma hana budi kwenda hadi Unguja, akamtazame Sayyid Barghash bin Said aliyetawala kuanzia 1870 hadi alipofariki Machi 1888.

Kabla ya hapo tuliondoe tatizo la neno. Wako wanaosikia "uvumbuzi" wakakimbilia kusema "bid'a". Bid'a iliyokatazwa ni ya kuzua katika dini. Ama mambo ya maisha, asili yake ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuyakataza. Mwaka wa 5 Hijria Madina ilikuwa mji mdogo uliozungukwa na makabila yenye uadui, na handaki lililouokoa lilikuwa shauri la Salman al-Farisi, mbinu ya Uajemi ambayo Waarabu hawakuizoea vitani. Mtume (S.A.W.) hakuikataa kwa ugeni wake, bali alichimba pamoja na Masahaba zake. La kuzingatia ni kwamba fikra ilitoka mbali, lakini sururu zilikuwa mikononi mwa watu wa Madina, na walinzi wa handaki walikuwa wao wenyewe.

Sasa turudi Unguja. Sayyid Barghash alirithi dola yenye jina kubwa na mfuko mwembamba. Forodha, ambayo ndiyo mapato yake, ilikuwa ikikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, kwanza nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Tharia Topan. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu zake. Tarehe 5 Juni 1873, kwa kutishwa kuwa kisiwa kitazingirwa na manowari za Kiingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lake. Biashara ile ilikuwa dhulma, na kukoma kwake ni kheri. Lakini jinsi ilivyokomeshwa ilimwonyesha Sultani nani mwenye nguvu katika bahari yake.

Pamoja na hayo alijenga kwa hima. Alileta maji ya mabomba mjini kutoka chemchemi, watu wakiteka bure. Alinunua meli za moshi zilizokwenda hadi Bombay. Akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Na lililo karibu zaidi na sisi tunaosoma kurasa hizi: alianzisha matbaa, ambayo kuanzia mwaka 1297 Hijria (1880) ilichapa juzuu za Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha fiqhi ya Kiibadhi cha Sheikh Jumayyil bin Khamis al-Sa'di, chenye sehemu 90. Kazi iliyokuwa ikihitaji umri wa mwandishi wa mkono sasa iliweza kufika Oman na Afrika ya Kaskazini. Nadhani watalii wanaosimuliwa habari za taa za umeme za Sultani wangefaidika zaidi wakisimuliwa habari za matbaa yake.

Ama ulinzi, Imam al-Mawardi katika al-Ahkam as-Sultaniyya ameuhesabu ulinzi wa mipaka kuwa miongoni mwa wajibu kumi wa kiongozi, na aya ya 60 ya Suratul Anfal inajulikana. Sayyid Barghash hakuwa mzembe katika hili. Mwaka 1877 aliunda jeshi jipya, akalikabidhi kwa Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Simu iliyofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879 ilipita katika waya wa baharini wa kampuni ya Kiingereza. Mshauri wake mkubwa alikuwa John Kirk, balozi wa Kiingereza. Na mpango huu ulikwisha kumfaa: mwaka 1875 majeshi ya Khedive wa Misri yalipoteka Barawa na Kismayu, ni shinikizo la London lililoyarudisha nyuma. Mtu aliyeokolewa mara moja na jirani si ajabu akalala mlango wazi.

Hapa ndipo penye fiqhi. Wanachuoni wamekhitilafiana juu ya kutaka msaada wa kivita kwa wasiokuwa Waislamu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya raia wengi wa pwani ingawa Sultani alikuwa Ibadhi, jambo hili linaruhusiwa kwa masharti, na Imam an-Nawawi ameyataja katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa sana Lamu na Unguja. Sharti la kwanza ni kuwa msaidizi aaminike. La pili ndilo zito: Waislamu wawe na nguvu ya kuwakabili adui na msaidizi pamoja, lau wawili hao wataungana. Wengi husoma sharti hili kama jambo la kudhania tu. Kwa Zanzibar lilikuwa habari ya mwaka 1885.

Mwishoni mwa 1884 Karl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba. Februari 1885 Kaizari aliipa kampuni yake hati ya ulinzi. Sayyid Barghash alimpelekea Kaizari malalamiko kwa simu, kwa waya ule ule wa Aden. Mwezi Agosti zikaja manowari za Kijerumani mbele ya kasri yake, na katika meli mojawapo ya msafara huo alikuwamo dada yake, Sayyida Salme. Akamgeukia Kirk. Kirk alikuwa ameamrishwa na London amshauri akubali, naye akakubali. Mwaka 1886 adui na msaidizi walikaa meza moja, wakamwachia barani ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Hata huo haukudumu.

Baadhi ya waandishi humlaumu kwa kupenda fahari. Sioni hivyo. Maji na matbaa havikumwangusha, na lau fedha zote angezitia katika mizinga asingezishinda manowari. Hata kumlinganisha na Menelik wa Ethiopia kuna udhalimu kidogo: kweli Menelik alinunua bunduki kwa Wafaransa, kwa Waitalia wenyewe na kwingineko, bila kumpa muuzaji yeyote uamiri wa jeshi, akawashinda Waitalia Adwa tarehe 1 Machi 1896, lakini alikuwa na milima na watu wengi, na Barghash alikuwa na kisiwa. Ninachokiona kosa ni kwamba waya, uamiri wa jeshi na ushauri vyote vilikuwa kwa mwenyewe mmoja. Mpaka mwisho sijaona dalili kwamba alimwandaa mtu wa nchi kushika nafasi ya Mathews.

Kijana wa Igamba nilimjibu hivi: kuazima kunafaa, na wanachuoni wamekuruhusu, lakini hesabu kwanza siku ambayo mwazimishaji atakuwa upande wa pili. Akauliza kama siku hiyo ilifika kwa silaha pia. Ilifika tarehe 27 Agosti 1896, miezi michache baada ya Adwa. Khalid, mwana wa Barghash, alijitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza, wakamshambulia kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wake wakauawa au kujeruhiwa. Mathews alikuwa waziri wa kwanza wa serikali chini ya himaya, na askari wapatao 900 wa jeshi lile lile walisimama pamoja na Waingereza. Meli ya Glasgow, ambayo Sayyid Barghash aliagiza iundwe Uskoti, ilizamishwa bandarini. Milingoti yake mitatu ilibaki juu ya maji mpaka mwaka 1912, ilipovunjwa.