Lugha ya Msaidizi: Stadi za Kitaaluma na za Usimamizi katika Tiba ya Kazi

Neno 'msaidizi' lina hila yake. Katika mazungumzo ya kila siku, msaidizi ni mtu wa kutumwa: hushika hiki, huleta kile, na mambo yakiharibika anayeulizwa ni mwenye kazi. Sivyo alivyo msaidizi wa mtaalamu wa tiba ya kazi. Makala haya yananuia kufafanua stadi za kitaaluma na za usimamizi zinazomlazimu mhudumu huyu, na yanashikilia kwamba nyingi kati ya stadi hizo, zikichunguzwa vyema, ni stadi za lugha.

Jina lenyewe la tiba hii huwapotosha wengi, kwa kuwa 'kazi' katika Kiswahili huelekea upande wa ajira. Mzee aliyestaafu akiambiwa aende kwenye tiba ya kazi ana haki ya kuuliza ni kazi gani tena anayotafutiwa. Kazi inayokusudiwa ni shughuli yoyote inayoijaza siku ya binadamu: kuoga, kuvaa, kusonga ugali, kutia udhu, kumbeba mtoto. Aliyepooza upande mmoja kutokana na kiharusi, kwa mfano, hufundishwa kuvaa shati akianza na mkono uliodhoofika, na kulivua akianza na ule wenye nguvu.

Kada ya wasaidizi ilikuzwa hasa Marekani. Chama cha kitaifa cha tiba hiyo kiliasisiwa Clifton Springs, katika jimbo la New York, mnamo 1917. Mafunzo rasmi ya wasaidizi yalifuata mwishoni mwa miaka ya 1950, yakianzia katika uuguzaji wa wagonjwa wa akili. Siku hizi msaidizi husoma kwa takriban miaka miwili, akafanya mtihani wa kitaifa, kisha akaomba leseni ya jimbo. Mipaka yake ni bayana. Mtaalamu ndiye anayewajibika kumpima mgonjwa na kuandaa mpango wa tiba. Msaidizi huutekeleza na kutoa taarifa, wala haruhusiwi kuubadilisha kwa hiari yake. Hata hivyo, aghalabu yeye ndiye anayeshinda na mgonjwa. Anayeona zaidi si yule anayeamua, na kinachowaunganisha wawili hao ni maneno.

Chukua kumbukumbu za matibabu. Mpangilio uliozoeleka, unaotokana na kazi ya daktari Lawrence Weed katika miaka ya 1960, hutenga mambo manne: aliyoyasema mgonjwa, aliyoyaona na kuyapima mhudumu, maana ya hayo yote, na hatua itakayofuata. Anayeanza kazi huelekea kuyachanganya. Akiandika 'mgonjwa ni mvivu', ameweka hukumu mahali pa ushahidi. Akiandika 'alisita mara tatu kabla ya kuinuka kitandani, akasema kichwa kinamzunguka', amempa mtaalamu sababu ya kuagiza shinikizo la damu lipimwe. Mwanafunzi wa fasihi aliyewahi kukosolewa kwa kumhukumu mhusika pasi na kurejelea matini ataitambua kanuni hii mara moja.

Lililo gumu zaidi ni kueleza kiasi cha msaada. Katika vipimo vinavyotumika sana, msaada ni mdogo iwapo mgonjwa anafanya asilimia 75 au zaidi ya shughuli mwenyewe. Ni wa wastani akifanya kati ya 50 na 74. Ni mkubwa akifanya kati ya 25 na 49. Na ni kamili akifanya chini ya 25. Kuna pia anayehitaji kuangaliwa tu bila kuguswa, na anayehitaji kukumbushwa kwa maneno. Kauli kama 'anaendelea vizuri' haina nafasi hapa. Mgonjwa anayehitaji msaada wa wastani ili kutoka chooni akiandikiwa kwamba 'anajiweza', huenda akarudishwa katika nyumba ambamo hamna mtu mchana kutwa. Isitoshe, 'kujiweza' katika Kiswahili humaanisha pia kuwa na mali. Maneno yenye maana mbili ni utajiri kwa mshairi, lakini katika faili la hospitali ni hatari.

Usimamizi nao huanza na dakika. Huduma nyingi za tiba hii nchini Marekani hulipiwa kwa vipande vya dakika 15. Kwa kanuni ya Medicare, bima ya serikali ambayo wanufaika wake wengi ni wazee, kipande cha kwanza huhesabiwa kuanzia dakika ya 8 na cha pili kuanzia ya 23. Tangu Januari 2022, huduma ya mgonjwa wa nje iliyotolewa na msaidizi hulipwa asilimia 85 ya malipo ya kawaida. Ni vigumu kuona haki ya punguzo hilo kwa mgonjwa aliyehudumiwa ipasavyo, lakini ndiyo kanuni, na msaidizi asiyeandika muda wake sawasawa huiingiza kliniki nzima katika tuhuma za udanganyifu. Kupanga ratiba, kukagua vifaa na kuwaelekeza wahudumu wa chini yake ni majukumu ya kawaida yasiyohitaji maelezo marefu.

Linalohitaji maelezo ni kusema na mkubwa. Adabu ya mazungumzo ya Kiswahili humfunza mdogo kudokeza: 'labda ingefaa tumtazame tena'. Kidokezo hicho hakitoshi iwapo bega la mgonjwa limeanza kuuma kila mkono unapoinuliwa. Msaidizi hana budi kusitisha zoezi na kutaja alichokiona, lini, na anachoomba kifanyike. Heshima inaweza kubaki katika salamu na katika sauti. Taarifa yenyewe iwe wazi.

Nchini Kenya, taaluma hii ilipata sheria yake mnamo 2017, iliyoweka baraza la kusimamia mafunzo, usajili na leseni. Mara nyingi mgonjwa huhojiwa kwa Kiswahili au lugha ya mama, ilhali faili huandikwa kwa Kiingereza. Hapo kati mengi hupotea. 'Mkono' wa Kiswahili huanzia begani hadi vidoleni. Kiingereza kina neno moja la kiganja na vidole, na jingine la sehemu iliyobaki. 'Mguu' una tatizo lilo hilo. Asiyeuliza 'kiwikoni, kwenye kifundo au kiganjani?' ataandika kiungo kisicho chenye maradhi.

Tatizo hilo limesafiri pia. Wakimbizi wengi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili wamepewa makao Marekani, na baadhi yao hufika kwenye kliniki hizo na mtoto wa shule akiwa ndiye mkalimani. Kanuni za serikali huko zinazuia kumtegemea mtoto kwa ukalimani isipokuwa katika dharura. Kutafuta mkalimani aliyehitimu kabla tiba haijaanza ni sehemu ya stadi za msaidizi. Mkalimani huyo naye atahitaji istilahi za Kiswahili zinazotenganisha msaada mdogo, wa wastani na mkubwa, na kuziunda ni kazi inayovihusu vyama na idara za Kiswahili kuliko hospitali.