Umeme Unaotumika Bila Mtu Kutazama

Ukizima televisheni kwa rimoti, taa ndogo nyekundu hubaki ikiwaka. Kifaa hakijazimika kabisa. Kinasubiri amri, na kusubiri huko hutumia umeme. Televisheni nyingi za kisasa zikiwa katika hali hiyo hutumia chini ya wati 1. Ving'amuzi vingi, hasa vya zamani, hutumia karibu kiasi kilekile kinachotumika vinapofanya kazi.

Mfano. King'amuzi cha wati 12 hutumika saa 4 kwa siku, kisha huachwa kikisubiri saa 20 bila nguvu yake kupungua. Tafuta nishati inayopotea kwa siku 30.

Nishati = nguvu × muda
= 12 × 20 × 30
= wati-saa 7,200
= kilowati-saa 7.2

Kilowati-saa 1 ndiyo uniti 1 ya LUKU. Kwa hiyo uniti 7.2 zimepotea. Televisheni ya wati 60 ikitazamwa saa 4 kila siku kwa mwezi huohuo hutumia uniti 7.2 vilevile!

Zingatia. Ukiulizwa namna ya kupunguza matumizi haya, usiishie kuandika "zima vifaa". Andika: zima swichi ya ukutani, kwa sababu rimoti haikati mkondo wa umeme, bali swichi huukata.