Mchaichai: Chai Isiyofukuza Usingizi

Mkulima wa Kwale, yamkini kichaka cha mchaichai kipo karibu na jiko lako, au la jirani yako. Pengine hukihesabu kuwa ni mali. Makala hii yaeleza mmea huu ulitoka wapi, una ladha gani, na jinsi ya kuupika ili nyumba yako ipate kinywaji kizuri bila kwenda dukani.

Majani ya chai ya dukani hutoka katika mti wa chai, ambao katika Kenya ulipandwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903. Ndani yake mna kafeini, kitu kinachochangamsha mwili na kufukuza usingizi. Mchaichai si ndugu wa mti huo. Ni jamii ya nyasi, kama mahindi na miwa, nao hauna kafeini hata kidogo. Kwa hiyo mzee aweza kuunywa jioni na usingizi wake usipotee. Lakini angalia: ukitia majani ya chai pamoja na mchaichai katika sufuria moja, kama wengi wafanyavyo, kafeini imo.

Asili yake ni nchi za kusini ya Asia. Hutoa maua kwa nadra sana, na watu huuotesha kwa kupasua kichaka, si kwa mbegu. Basi fahamu ya kuwa haukuletwa na upepo wala ndege. Watu waliuchukua na mizizi yake, nao umeenea kwa mkono, jirani akimpa jirani.

Harufu yake ni ya ndimu, lakini hauna uchachu wa ndimu. Harufu hiyo imo katika mafuta ya jani, nayo huruka upesi pamoja na mvuke. Hapo ndipo wengi huuharibu: huuchemsha kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, wakabaki na maji yenye ladha ya majani makavu. Kisha husema mchaichai si kitu.

Fanya hivi:

1. Chukua majani manne au matano mabichi kwa lita moja ya maji. Yaoshe, uyakate vipande vifupi.
2. Chemsha maji peke yake. Yakitokota, epua.
3. Tia majani, funika, ungoje dakika kumi.
4. Chuja. Tia sukari kidogo, au asali, au usitie kitu. Wafaa sana kwa mahamri au mihogo.

Ukitaka kuweka akiba, kausha majani kivulini penye upepo. Jua kali huondoa harufu na rangi. Yakiwa makavu kabisa, yatie katika mkebe wenye kifuniko, kwa maana hewa ya pwani ina unyevu na majani hushika ukungu upesi.

Kupanda si kazi ngumu. Mvua za masika zianzapo, pasua kichaka, upande kila mche wenye mizizi umbali wa futi mbili. Kata majani kwa kisu ukiacha kama inchi nne juu ya ardhi, nayo yatachipua tena. Walio kwenye miteremko ya Milima ya Shimba wapande mistari inayokata mteremko, ili mizizi ishike udongo usichukuliwe na mvua. Chukua mche kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hunywa mchaichai wake, maana iko nyasi nyingine inayofanana nao, yenye mashina mekundu chini, ambayo mafuta yake hutumiwa kufukuza mbu. Hiyo si ya kunywa. Na kabla ya kupanda shamba zima kwa ajili ya kuuza Ukunda au Diani, zungumza kwanza na mnunuzi.

Neno la mwisho ni kubwa kuliko yote. Wako watu wanaokunywa mchaichai au kujifukiza nao wapatapo homa. Kinywaji hiki huburudisha, lakini hakiponyi malaria. Mtoto akishikwa na homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu, wala usingoje kuona kama mchaichai utamsaidia. Mama mjamzito naye amwulize mkunga kabla ya kuunywa kwa wingi.

Mchaichai ni chai, si dawa ya malaria. Unywe kwa furaha, na ukiwa na kichaka kikubwa, mpasulie jirani.