Askari Ndani ya Mshipa

Huenda umeliona jambo hili hapa Liuli. Mzee aliyevuta nyavu jana, leo mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Watu husema amerogwa. Sivyo. Huo ni ugonjwa wa kiharusi. Mara nyingi mshipa wa damu umeziba kichwani. Ukiziba mshipa wa moyo, moyo wenyewe huumia.

Mshipa huzibaje?

Katika damu yako wamo askari. Ni chembe nyeupe, ndogo mno. Kazi yao ni kula vijidudu na takataka. Mafuta yakizidi katika damu, mengine hupenya ukuta wa mshipa. Askari huingia kuyala. Hula, hula, mpaka wanavimba. Wengi hawatoki tena.

Askari aliyechoka hufa, na wenzake humla upesi. Lakini ndani ya kila askari kuna ujumbe unaomwambia: ishi, usife. Ujumbe ukiwa na nguvu, askari walioshiba mafuta huendelea kukaa ukutani, na uvimbe hukua. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walieleza majaribio yao kwa panya. Ujumbe ulipodhoofishwa, askari walikufa zaidi na uvimbe ulio mchanga ukapungua.

Utasema, basi tuwaue wote! La. Nani atapigana na vijidudu? Tena uvimbe ukiwa wa zamani, askari wengi hufa bila kuondolewa. Mizoga yao hurundikana kama usipa uliosahauliwa mchangani. Rundo likipasuka, damu huganda hapo hapo na njia hufungwa.

Afadhali askari wasiitwe huko. Mwaka 1959 wataalamu Shaper na Jones wa Kampala walieleza kuwa Waafrika wa Uganda walikuwa na mafuta kidogo katika damu kuliko Wahindi wa huko. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra sana kwao. Basi usidharau ugali wako wa muhogo na samaki. Punguza vyakula vya kukaangwa na chumvi. Acha tumbaku. Pimwa shinikizo la damu, hata kama huumwi.

Mdomo wa mtu ukienda upande ghafla, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Na kwa kuwa sasa unajua kuandika, andika saa ilipoanza. Daktari atakuuliza.