Unyooshaji, Unyumbufu na Mjongeo wa Viungo: Ufafanuzi wa Dhana za Msingi

Katika taaluma ya tiba ya viungo, istilahi unyooshaji, unyumbufu na mjongeo wa kiungo hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni visawe. Matumizi hayo yana athari, kwani mpimaji asiyezitofautisha huweza kupima jambo moja na kutolea hitimisho jambo jingine.

Unyooshaji ni tendo la kurefusha misuli kwa makusudi. Unyumbufu ni uwezo wa misuli na tishu zinazozunguka kiungo kurefuka pasipo kuumia. Hudhihirika pale kiungo kinaposogezwa na nguvu ya nje, kama vile mkono wa mtaalamu. Mjongeo, kwa upande wake, ni kiasi ambacho mhusika anaweza kukisogeza kiungo kwa nguvu ya misuli yake mwenyewe.

Nyonga ni mfano mzuri. Goti likiwa limekunjwa, paja la mtu mzima mwenye afya huweza kuinuliwa kuelekea kifuani kwa takribani nyuzi 120. Goti likinyooshwa, pembe hiyo hupungua hadi takribani nyuzi 80. Kiungo ni kilekile. Kinachokizuia ni misuli ya nyuma ya paja, ambayo hupita kwenye nyonga na goti, hivyo hukaza mapema goti linaponyooka.

Jaribio la kuketi na kufikia vidole vya miguu, lililoandikwa na Wells na Dillon mwaka 1952, hujumuisha mambo hayo katika alama moja. Alama hiyo huathiriwa na misuli ya paja, mgongo, mabega, na hata urefu wa mikono na miguu. Kwa hiyo, mwenye mikono mirefu huweza kuonekana mnyumbufu kuliko alivyo. Goniomita hupunguza utata huo kwa kupima pembe ya kiungo kimoja kimoja.

Aidha, Weppler na Magnusson (2010) wanaeleza kwamba ongezeko la pembe baada ya wiki chache za unyooshaji hutokana zaidi na mhusika kustahimili mvuto kuliko misuli kurefuka.

Hivyo basi, kipimo kinachobainisha kiungo kilichopimwa, mkao wa viungo jirani, na kama kilisogezwa na mhusika au na mpimaji, ndicho kinachoweza kulinganishwa na kingine kwa haki.