Jiwe la Nyoka Libaki Sokoni

Likizo ikikaribia, wanaojiandaa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, kule mashariki mwa Ziwa Turkana, huniuliza swali lile lile: jiwe la nyoka linapatikana wapi? Hawaulizi hospitali ipi ya njiani ina antivenomu, dawa ya sumu ya nyoka. Wanataka kile kipande cheusi kinachouzwa sokoni, wakitie mfukoni, kisha wavuke Jangwa la Chalbi roho zimetulia. Safari hii aliyeniuliza ni mwalimu anayepeleka wanafunzi, na hilo siwezi kulinyamazia.

Jiwe lenyewe si jiwe. Ni mfupa, aghalabu wa ng'ombe, uliokatwa vipande na kuchomwa hadi ukawa mkaa. Umejaa vitundu vidogo mno, kwa hiyo ukiuweka juu ya kidonda kibichi unanata, kama ulimi unavyonata kwenye chungu kipya kikavu. Unafyonza damu ya juujuu; vitundu vikijaa, unaanguka. Hapo muuzaji hutangaza kwamba sumu imekwisha. Hapana! Kilichokwisha ni nafasi ndani ya mfupa. Sumu ilidungwa ndani ya nyama kwa meno yaliyoumbwa kwa kazi hiyo, na dakika chache baadaye imeshaanza kusambaa mwilini. Hakuna mfupa wa kuivuta irudi. Mwaka 2007 jarida la Cahiers Santé lilichapisha majaribio ya jiwe hilo kwa panya waliodungwa sumu za nyoka wa Afrika, ya kifutu ikiwemo. Halikufaa kitu.

"Mbona lilimponya mjomba wangu?" Naamini mjomba alipona. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na hata wenye nayo mara nyingine huuma bila kuitoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa kila mwaka, na wanaodhurika kwa sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Waliobaki, nusu au zaidi, wangepona bila kubandikwa chochote. Jiwe linajichukulia sifa zao, na wanaokufa hawarudi sokoni kulalamika.

Linachoiba ni saa. Nyanda kavu za kaskazini mwa Kenya zina nyoka mdogo, Echis pyramidum, ambaye akikasirika hujikunja na kusugua magamba yake mpaka yanatoa sauti ya mkwaruzo. Sumu yake huharibu uwezo wa damu kuganda. Aliyeumwa anaweza kukaa akizungumza vizuri, mguu umevimba kiasi, jiwe limeshadondoka, ndugu wanamshukuru Mungu. Saa kadhaa baadaye fizi zinavuja damu, au damu inavujia ndani ya ubongo. Hospitalini kipimo cha kwanza hakihitaji hata umeme: damu kidogo huwekwa kwenye kichupa safi cha kioo, ikaachwa bila kutikiswa kwa dakika 20, kisha kichupa kinainamishwa. Ikitiririka, mgonjwa anahitaji antivenomu. Na iwe iliyotengenezwa kwa ajili ya nyoka wa Afrika, kwa sababu ile ya nyoka wa India inaweza isimsaidie.

Sasa ya kufanya. Kabla ya kuondoka pigeni simu hospitali za njiani, mtajiwe iliyo na antivenomu leo, si mwaka jana. Fikirieni pia bima ya ndege ya wagonjwa, kwani kutoka Sibiloi hadi Marsabit ni safari ndefu kwa gari. Buti, si ndala. Usiku, tochi. Msifunue mawe pale Koobi Fora kutafuta visukuku; kuvichukua ni kosa la jinai hata hivyo. Mtu akiumwa: alale, atulie, avuliwe pete na saa, mguu ufungwe gango kama uliovunjika, abebwe, asitembee. Msifunge kamba ya kukaza, msichanje, msinyonye. Maumivu: parasetamoli, kamwe si aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Fira akitema machoni, osheni kwa maji mengi papo hapo. Nyoka msimfukuze; picha ya mbali inatosha. Na kama jiwe limeshabandikwa, nendeni hospitalini vilevile, hata zikiwa zimepita siku mbili: kwa sumu ya huyu nyoka wa mkwaruzo, antivenomu iliyochelewa bado inaweza kuirudisha damu igande.